Unyoya

Mimi ni mshona makubazi. Kutunga sijui.
Najua tairi la Bedifodi na tairi la Skania,
lipi linakubali kisu na lipi linabisha.
Lakini mmeniambia niseme neno juu ya Daktari Aleyamma,
basi nitaanzia miguuni,
ndiko kazi yangu iliko.

Alishuka Tukuyu mwaka ule barabara ilipokatika,
amejifunga sari, na juu ya sari koti la mvua la kiume.
Kwao Kerala, kwenye minazi na joto;
akaja kwetu kwenye migomba na ukungu,
ambako nguo hukauka siku ya tatu
na ya nne inaloa tena ikiwa kambani.
Mkataba wake miaka miwili.
Akakaa arobaini na mmoja.

Siku hizo kambi ilikuwa ng'ambo ya kijito.
Chakula kiliachwa juu ya jiwe.
Mama yangu mzazi alikiweka, akarudi nyuma,
akakohoa mara moja
ili nijue ameshaondoka.

Daktari hakuuliza jiwe liko wapi.
Alivuka na viatu vyake, akanyoosha mkono.
Wangu nilikuwa nimeuficha kwapani, kijana wa miaka kumi na tisa.
"Ugonile," akasema, kwa lafudhi iliyomchekesha hata Mzee Mwaisumo,
na mkono wake ukabaki hewani,
ukangoja,
mvua ikaudondokea,
ukangoja,
mpaka haya ikanishika mimi.

"Fumba macho."
Akapitisha unyoya wa kuku begani. Umesikia? Nimesikia.
Kwenye kiwiko. Umesikia? Nimesikia.
Kwenye kiganja.
Kuku mzima angepita pale nisijue.

Alitufundisha kuogopa kwa macho kile ambacho ngozi imesahau:
sufuria, kijinga cha moto, panya wa usiku wa manane,
kokoto ndani ya kiatu.
"Maumivu ni mlinzi," alisema. "Wenu amelala. Kesheni ninyi."
Mzee Mwaisumo, aliyebakiwa na kimoja mkono wa kulia,
akamjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.
Daktari akamletea kamba.
Mzee amekufa ameacha vitanda kumi na saba alivyosuka mwenyewe,
na chawa hakuna.
Mimi alinipa kisu, mpini umeviringishwa kitambaa kinene,
na tairi bovu la gari lake.

Sitasema alikuwa malaika.
Alimfokea Tusekile mbele za watu kwa kuuza vidonge,
na usiku akaja mlangoni kwake na koroboi kuomba radhi;
wakalia, kisha wakala viazi.
Habari ya kifo cha baba yake ilifika wiki ya tatu.
Siku ile alifunga vidonda thelathini na viwili.
Nilihesabu, kwa sababu hakuimba.

Wengine watawasimulia vidonge vipya, kambi kuvunjwa,
jiwe lile kujengewa msingi wa shule.
Mimi nina jambo moja tu.

Mwaka wa mwisho kisukari kilikuwa kimemshika.
Alikuja kibandani kwangu na fimbo, akaketi kwenye kigoda.
"Asangalwisye, nipime."
Miaka yote hiyo sikuwahi kuushika mguu wake.
Nikauweka juu ya boksi, nikachora kwa penseli,
nikazunguka kisigino,
na pale nikaona mwiba umezama, damu imeshakauka,
naye ananieleza habari za bei ya chai.

Sikusema kitu.
Nikatoka nje, nikamkimbiza kuku wa jirani,
nikarudi nahema.
"Fumba macho, Daktari."
Alicheka. Akafumba.
Nikapitisha kwenye kidole gumba, polepole,
nikapitisha kwenye wayo,
nikarudia.
Mvua ilikuwa juu ya bati.

"Haya," akasema, macho bado kayafumba,
"mbona huanzi?"